Dodoma, Mahali Ambapo Mkasi Ndio Majira

Zabibu aina ya Chenin Blanc asili yake ni bonde la mto Loire, Ufaransa, karibu nyuzi 47 kaskazini mwa ikweta. Huko baridi huupukutisha mzabibu majani yote, ukalala hadi Machi au Aprili, na zabibu huvunwa mara moja tu, kuanzia Septemba. Aina hiyohiyo inalimwa Dodoma, nyuzi 6 kusini mwa ikweta, ambako hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Ukiuacha bila kuugusa, utachipua ovyo: kichala hiki kimeiva, kile kingali maua.

Kwa hiyo majira yako mkononi mwa mkulima. Hushika tawi lililokomaa, akalikata na kubakiza macho mawili matatu. Siku chache baadaye macho huvimba na kuchipua, na toka hapo hadi mavuno ni takriban miezi minne. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili: Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Shamba ni moja na mizabibu ni ileile, lakini zabibu za misimu hiyo miwili hazifanani hata kidogo.

Za Machi huiva zikinyeshewa. Mvua ya Dodoma haifiki milimita 600 kwa mwaka, lakini karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Punje hujaa maji na nyingine hupasuka, ubwiri vinyoya hushamiri, na mkulima mwenye hofu ya kupoteza mazao huchuma kabla sukari haijatosha.

Za Agosti hukua kiangazi. Juni na Julai, katika mwinuko wa mita 1,100 hivi, joto la usiku hushuka hadi karibu nyuzi 13. Jambo hili lina uzito zaidi kuliko udongo unaosifiwa kila mara. Punje inayoiva hupumua, na inapopumua huunguza asidi ya maliki, ile inayoupa mvinyo uchangamfu mdomoni. Usiku wa joto huimaliza upesi. Usiku wa baridi huihifadhi, huku jua la mchana likiendelea kuongeza sukari. Chenin Blanc, yenye asidi nyingi kwa asili, hubaki na ya kutosha hata ikipungua. Hapo ndipo aina na mahali vinapokubaliana.

Makutupora, zabibu nyekundu yenye jina la eneo lililo kaskazini mwa jiji, inapendwa kwa kuzaa sana. Uzazi huo ndio unaonitia wasiwasi. Mzabibu uliolemewa na vichala hugawanya sukari na rangi kwa punje nyingi mno, na mvinyo wake huwa mwepesi. Kupunguza vichala vikiwa bado vichanga kunauma, hasa kwa mkulima anayelipwa kwa kilo.

Juisi yenye nyuzi 22 za Briksi, kipimo cha sukari, huchachuka ikatoa kilevi cha asilimia 12 hadi 13 bila kuongezwa chochote. Kwa hiyo viwanda vipime sukari na asidi mlangoni na vilipe kwa vipimo hivyo, si kwa kilo. Mvinyo wa Agosti uchachuliwe peke yake, usichanganywe na wa Machi, na chupa iandikwe msimu wake ili mnunuzi ajue anacholipia.