Dhamana na Majaribio: Namna Yaya Anavyochaguliwa Bondeni

Katika Bondeni na mitaa inayopakana nayo kisiwani Mombasa, yaani Kuze, Kibokoni na Mji wa Kale kwa jumla, yaya huchaguliwa kwanza kwa dhamana, kisha kwa mazungumzo ya sebuleni, na mara chache kwa majaribio ya kazi yenyewe. Dhamana hapa ni neno la mtu anayefahamika mtaani, aghalabu jirani, shangazi au yaya wa nyumba nyingine, ambaye humleta mwombaji kutoka Kwale, Kilifi au Taita na kusema kwamba kwao anakujua. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba mpangilio huo huweka kipimo dhaifu mbele na kipimo chenye nguvu nyuma, na kwamba unaweza kurekebishwa bila kuivunja desturi iliyouzaa.

Desturi hiyo ina historia. Simulizi za maisha ya Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, ambazo Sarah Mirza na Margaret Strobel walizichapisha mwaka 1989, zinaonyesha jinsi maisha ya waungwana, watumwa na vizazi vyao yalivyofungamana ndani ya nyumba za Mombasa hata baada ya sheria kuacha kuutambua utumwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Katika nyumba za namna hiyo mlezi hakuhojiwa, kwa kuwa alikuwa wa nyumba ile ile kwa damu, kwa kunyonyesha au kwa kulazimishwa. Mlezi wa mshahara, ambaye ni mgeni, alikuja baadaye, lakini njia ya kumjua ilibaki ile ya zamani: kuuliza ni wa nani kabla ya kuuliza anaweza nini.

Dhamana ina kazi yake, na si ndogo. Humfanya yaya awe mtu wa kupatikana, humwekea mdhamini aibu ya kubeba, na humpa yaya mwenyewe mtu wa kumtetea anapodhulumiwa. Isichoweza ni kubashiri utendaji vyema. Frank Schmidt na John Hunter, walipokusanya mwaka 1998 matokeo ya tafiti za miaka 85 kuhusu uteuzi wa wafanyakazi, walilinganisha vipimo kwa kizio cha uhusiano, yaani namba ambayo ikiwa 0 kipimo hakibashiri chochote na ikiwa 1 hubashiri bila kosa. Maelezo ya wadhamini yalipata 0.26 na miaka ya uzoefu 0.18, ilhali mahojiano yasiyopangwa yalipata 0.38, mahojiano yaliyopangwa 0.51 na majaribio ya kazi yenyewe 0.54. Paul Sackett na wenzake walizipunguza nyingi za namba hizo mwaka 2022, lakini mahojiano yaliyopangwa yalibaki juu kwenye orodha yao. Tafiti hizo zilihusu kazi za kila aina, si ulezi peke yake. Hata hivyo funzo lake kwa mzazi ni zito, kwa sababu uzoefu na neno la mdhamini ndivyo vinavyoaminiwa zaidi Bondeni.

Mahojiano yaliyopangwa ni yale ambayo kila mwombaji huulizwa maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule, na majibu hupimwa kwa kigezo kilichoandikwa kabla hajaingia mlangoni. Maswali yenye manufaa hutoka katika hatari za nyumba husika. Kisiwani, ambako maji ya mfereji hayana uhakika na kila nyumba huweka akiba katika mapipa na ndoo, mwombaji aulizwe atafanya nini na ndoo iliyobaki wazi wakati mtoto anatambaa, kwa maana mtoto mchanga huweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita chache. Aulizwe kuhusu ngazi zenye mwinuko mkali na roshani za ghorofani. Kuhusu mtoto anayeharisha tangu asubuhi, ambapo jibu linalotafutwa ni maji ya chumvi-sukari ya pakiti na zahanati, si kumnyima maji. Na kuhusu degedege, yaani mtukutiko wa mwili unaoletwa na homa kali, ambapo mtoto hulazwa ubavu, hatiwi kitu kinywani, na hupelekwa hospitali bila kungoja. Swali la kokwa ya tende iliyomkaba mtoto wa miezi kumi halifai kujibiwa kwa maneno matupu: apewe mwanasesere, aonyeshe jinsi ya kumlaza kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini, na kumpiga mapigo matano mgongoni. Asiyejua hastahili kukataliwa papo hapo, kwani hilo hufundishika kwa muda mfupi. Anayestahili kukataliwa ni yule anayefundishwa na kupuuza.

Nyaraka zina nafasi yake, ila zisipewe uzito zisioubeba. Kitambulisho, ambacho Kenya humpa aliyefikisha miaka 18, huthibitisha kwamba anayeajiriwa si mtoto. Cheti cha tabia njema, kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai baada ya alama za vidole kuchukuliwa, huonyesha kumbukumbu za jinai zilizopo tu; ukatili ambao haukuripotiwa haumo. Ndiyo maana simu kwa mwajiri wa zamani ni ya lazima, na isiishie kwenye swali la kama alikuwa mzuri, ambalo kila mtu hulijibu kwa ndiyo. Aulizwe mtoto alikuwa na umri gani, yaya alifanya nini siku mtoto alipoumia, na kama angemchukua tena kesho. Kusita katika jibu la mwisho ni taarifa kamili. Kuhusu afya, sheria ya 2006 ya kudhibiti Ukimwi hairuhusu mwajiri kumlazimisha mtu kupima virusi ili apate kazi, na nyumba zinazodai kipimo hicho zinavunja sheria kwa woga usio na msingi wa kitabibu.

Sehemu inayorukwa zaidi ni majaribio, nayo ndiyo yenye utajiri. Kwa siku chache, zinazolipwa, mzazi hukaa nyumbani na kutazama mambo madogo: kama mwombaji huosha mikono kabla ya kumlisha mtoto, kama humzungumzisha anapomwogesha, kama simu hubaki mfukoni mtoto akiwa kwenye ngazi. Kisha mzazi hutoka kwa saa moja na kurudi kabla ya wakati aliousema. Safari ya kumpeleka mtoto chuoni, yaani madrasa, baada ya alasiri ni mtihani mwingine, hasa kwa nyumba zinazolazimika kuvuka barabara ya Abdel Nasser yenye mabasi na tuktuk: je, humshika mtoto mkono au kifundo cha mkono, na husimama upande gani wa magari? Mtaa wenyewe husaidia, kwa kuwa waliokaa barazani huona mengi ambayo mwajiri haoni. Lakini maneno yao yachujwe, maana wengine humhukumu msichana kwa mavazi na lafudhi badala ya kazi.

Mwombaji naye anaipima nyumba, na hapo ndipo familia nyingi hupoteza yaya mzuri. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha yaya katika miji mikuu, Mombasa ikiwemo, kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi bila posho ya nyumba, na Sheria ya Ajira ya 2007 humpa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba na siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Sheria hiyo hiyo hutaka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi, na humruhusu mfanyakazi kuuridhia kwa alama ya kidole gumba mbele ya shahidi asiye mwajiri wake. Mdhamini aliyemleta anafaa kabisa kuwa shahidi huyo. Masharti yasomwe kwa sauti kabla ya siku za majaribio kuanza, saa za kulala za yaya zikiwemo, na mwombaji aachwe aulize. Atakayeuliza dawa za mtoto zinawekwa wapi na apigiwe nani simu mzazi asipopatikana apewe alama za juu katika karatasi ile ile ya mahojiano.