“Hakuna Kulala”: Uhakiki wa Albamu ya Na Zala Zala, Kama Tulivyoisikia Kalerwe

Utangulizi

Katika ukurasa huu tumezoea kuwaletea uhakiki wa riwaya, tamthilia na diwani. Safari hii tunaomba ruhusa ya kuvunja mazoea. Tunahakiki albamu ya muziki wa kompyuta uliotengenezwa ili watu wacheze usiku. Baadhi ya wenzetu walipopata habari hizi walituuliza kama silabasi imebadilishwa bila wao kuarifiwa. Tuliwajibu kwamba kila mwaka tunawafundisha wanafunzi kuwa wimbo na ngoma ni tanzu za fasihi simulizi, na hatujaona mahali palipoandikwa kwamba ngoma sharti iwe ya ngozi.

Albamu yenyewe inaitwa Na Zala Zala. Ilitolewa mwaka 2021 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya hapa Kampala. Wasanii ni Rey Sapienz, mtayarishaji wa muziki kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na kundi lake liitwalo The Congo Techno Ensemble. Hii ni albamu ya kwanza ya kundi hilo. Tumeisikiliza mara kadhaa ofisini kwa sauti ya chini, kama inavyofaa jirani zetu wanaposahihisha mitihani. Kisha tukaipeleka Kalerwe, sokoni, tukaisikiliza kwa sauti ya juu katika kibanda cha kijana anayechaji simu na kuwawekea wateja nyimbo. Tofauti kati ya usikilizaji huo wa aina mbili ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya.

Msanii na mazingira yake

Rey Sapienz alikuja Kampala mwaka 2012 kwa shughuli ya muziki. Hakukusudia kuhamia. Mwaka huohuo vita vilipamba moto upya mashariki mwa Kongo: kundi la M23 lilianza uasi mwezi Aprili, na mwezi Novemba likauteka mji wa Goma. Kurudi kukawa kugumu, na msanii akabaki. Akiwa hapa aliwafundisha vijana wengine kutengeneza muziki kwa kompyuta, kisha akawa mmoja wa waanzilishi wa lebo iitwayo Hakuna Kulala, iliyoanza mwaka 2018 ikiwa ndugu mdogo wa Nyege Nyege Tapes. Katika albamu hii anashirikiana na Fresh Dougis, mwimbaji na mcheza dansi, na Papalas Palata, mpiga ngoma.

Kisa cha mtu aliyekuja kwa safari fupi na kujikuta mkazi si kigeni kwetu. Uganda imewapokea wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na Wakongo ni miongoni mwa walio wengi. Sheria yetu ya mwaka 2006 inawaruhusu wakimbizi kufanya kazi na kutembea. Baadhi yao wamekuwa wanafunzi wetu, na jambo hilo tutalirudia.

Kuhusu wakati, albamu hii ya disko ilitoka disko zikiwa zimefungwa. Kutokana na ugonjwa wa korona, kumbi za starehe za usiku nchini Uganda zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa Januari 2022. Kwa muda wote huo, hata shule zilipofunguliwa kidogo zikafungwa tena, usiku ulikuwa na amri ya kutotoka nje. Muziki wa kuchezea ukatoka katika mji ambamo hapakuwa na pa kuuchezea.

Maudhui

Tuanze na majina, kwa kuwa majina ndiyo mlango. Katika Kilingala kitenzi kozala kina maana ya kuwa. Na Zala Zala, tunavyolisikia jina hili, ni kitenzi hicho kilichorudufiwa, kama sisi tunavyorudufu kukaa tukapata kukaakaa, au kuzunguka tukapata kuzungukazunguka. Walimu wenzetu wanajua kazi ya urudufishaji huo. Mtu anayekaa ana mahali. Anayekaakaa anangoja jambo ambalo halijatimia. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo dhamira kuu ya albamu: hali ya kuwapo mahali bila kuwa umefika.

Wimbo uitwao Posa Na Bika unaiendeleza dhamira hiyo. Hapa msomaji wa Kiswahili ajihadhari. Kwetu posa ni ombi la ndoa, na mwenye kuposa hutuma washenga. Katika Kilingala posa ni hamu au kiu, na kobika ni kuishi, kupona, kusalimika. Basi si harusi inayotajwa hapo. Ni hamu ya kubaki hai. Tulipomweleza hivyo mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, alisema kwamba hata hivyo zote mbili ni maombi, na anayeomba hajui atajibiwa nini. Tumeona jibu lake linastahili kuchapishwa.

Vita havikupewa nafasi ya hotuba katika kazi hii. Vinasikika kama hali ya hewa. Sauti za waimbaji hupanda hadi zikawa kelele, kisha zikarudi kuwa maneno, huku mdundo ukiendelea bila kuwangoja. Hapo ndipo tulipolikumbuka jina la lebo ambayo msanii huyu aliianzisha na wenzake: Hakuna Kulala.

Tulitazame kwa jicho la sarufi. Hakuna, kisha kitenzi-jina. Sentensi imekamilika lakini haina nafsi. Nani asilale? Nani amekataza? Likitamkwa na DJ, ni mwaliko: usiku bado mchanga. Likitamkwa na mlinzi wa kijiji chenye vita, ni amri: anayelala atakutwa. Likitamkwa na mchuuzi, ni bei ya kuishi mjini. Kiswahili kimezibeba maana zote tatu kwa maneno mawili, na albamu hii, ijapokuwa ilitolewa na lebo nyingine, inazibeba zote tatu kwa mdundo mmoja.

Kalerwe

Wasomaji wetu walio mbali na Kampala wajue kwamba Kalerwe iko kaskazini mwa mji, si mbali na kilima cha Makerere, pale barabara ya Gayaza inapokutana na barabara ya mchepuo ya Kaskazini. Ni soko la chakula. Matoke, mihogo, nyanya na kabichi hushushwa kutoka kwenye malori kukiwa bado giza, na wapagazi huwa wamekwisha kutoka jasho kabla sisi hatujaamka kusali au kunywa chai. Mvua ikinyesha sana mitaro hufurika. Kiganda ndicho kinachotawala pale, lakini kati ya madereva, wapagazi na wafanyabiashara wa masafa marefu utasikia Kiswahili, tena kisichoomba ruhusa kwa mwalimu yeyote.

Mwezi Machi 2020, amri za korona zilipoanza, wachuuzi wa vyakula wa Kampala waliagizwa wasirudi makwao bali walale sokoni, ili wasipeleke ugonjwa nyumbani wala kuuleta. Watu wakalala kando ya bidhaa zao. Mji mzima ulipoambiwa ukalale mapema nyumbani, wao waliambiwa walale kazini. Kwa hiyo, kijana wa kibandani alipotamka jina la Hakuna Kulala akilisoma kwenye simu yetu, waliokuwa karibu walicheka kwa namna ambayo hatukuisikia ofisini.

Muziki ulipoanza, mama mmoja muuza nyanya aliuliza kama spika imeharibika. Swali hilo ni la haki, na tutalijibu chini. Mpagazi mmoja aliyekuwa akipanga magunia hakuuliza kitu. Baada ya muda tuliona kwamba anayapanga kwa mdundo ule, na wimbo ulipokwisha alisimama akangoja mwingine. Hatutaki kujenga nadharia juu ya mgongo wa mtu anayefanya kazi. Tunasema tu kwamba ofisini tulikuwa tumeuita mdundo huo “mkali mno”, na pale sokoni ulikuwa wa kadiri.

Fani

Kwa upande wa muundo, nyimbo hizi hazifuati mpangilio wa ubeti na kiitikio tuliouzoea katika dansi la Kikongo, ambamo gitaa husubiriwa kama bibi harusi. Zimejengwa kwa takriri. Kipande kifupi hurudiwa, kikaongezwa kitu, kikapunguzwa kitu, mpaka msikilizaji akasahau kilipoanzia. Ngoma ya mkono na ngoma ya mashine hufukuzana. Mara nyingine hukubaliana, mara nyingine kila moja hushika njia yake, na mwili wa mchezaji ndio unaoamua imfuate ipi.

Sauti za mashine zimeachwa zikwaruze kwa makusudi. Hili ndilo jibu letu kwa mama wa nyanya: spika ni nzima. Msanii angeweza kuzisafisha sauti hizo, akachagua kutozisafisha, kama vile mshairi anavyoweza kuchagua neno lenye makali ingawa liko laini lenye maana hiyohiyo. Anayesimulia hali isiyotulia hawezi kuisimulia kwa sauti iliyopigwa pasi.

Uimbaji nao umechanganya rapu, wito na mwitikio, na ukelele. Wito na mwitikio tunaufahamu tangu ngano na nyimbo za kazi. Upya ni kwamba hapa mara nyingi anayeitikia ni mashine.

Kufaulu na kutofaulu

Wasanii hawa wamefaulu kusema juu ya machungu bila kuomba huruma. Mhamiaji katika kazi nyingi za sanaa huletwa mbele yetu akiwa analia, nasi tukatoa machozi na kwenda zetu. Katika albamu hii anakuja akicheza, na anatutaka tucheze pamoja naye, jambo ambalo ni gumu zaidi kuliko kumhurumia.

Wamefaulu pia kuonyesha kwamba muziki wa kompyuta unaweza kuwa na kwao. Ngoma hizi haziigi disko za Ulaya. Zimeichukua mashine na kuifundisha lafudhi.

Hata hivyo kuna mapungufu. La kwanza ni jina la wimbo Dancehall Pigme. Watu wa misitu ya Ituri wana majina yao, Wambuti na Waefe wakiwamo, na neno pigme limetumika kwa muda mrefu kuwadharau. Msanii anayejua uchungu wa kuitwa kwa jina la jumla alitazamiwa kulikwepa. La pili, katika sehemu kadhaa maneno yamezama chini ya kishindo kiasi kwamba hata anayejua lugha hayapati. Nakala tuliyokuwa nayo haikuwa na maandishi ya nyimbo. Kwa mcheza dansi hiyo si hasara. Kwa watu wa lugha ni sawa na kupewa kitabu chenye kurasa zilizolowa. La tatu si la msanii peke yake: muziki huu umesikilizwa na kuandikwa zaidi ughaibuni kuliko hapa ulikotengenezwa. Sisi tulio kwenye mji mmoja naye tumechelewa. Lawama hiyo tunaipokea.

Somo kwa walimu wa Kiswahili

Jina la lebo iliyotoa albamu limewapa taabu walimu. Katika Kiganda linahusishwa na hamu ya ghafla ya kucheza. Katika Kiswahili nyege lina maana ambayo mwalimu wa shule ya msingi haiandiki ubaoni. Tamasha lenye jina hilohilo, lililoanza mwaka 2015, lilitishiwa kupigwa marufuku mwaka 2018 na tena mwaka 2022 kwa hoja za maadili. Kwetu huu ni mfano mzuri kuliko wowote wa maneno yanayofanana sura na kutofautiana maana, lakini tunakubali kwamba utafaa zaidi chuo kikuu.

Lipo kubwa kuliko hilo. Kiswahili kimetangazwa mara nyingi Uganda. Mwaka 1973 kilitangazwa kwa amri kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Na bado mitaani wapo wanaokiona kuwa lugha ya askari na wezi. Kila mara kimeletwa kwa amri kutoka juu. Katika Hakuna Kulala kimeingia kwa mlango mwingine, kikishikwa mkono na mhamiaji, na vijana wakakipokea bila kuulizwa kama wanakipenda.

Tulisema tutarudi kwa wanafunzi wetu. Miaka michache iliyopita alikuwapo darasani msichana kutoka Kongo aliyeandika batu na batoto katika insha. Tulimkatia alama, kwa wino mwekundu, kila mahali. Kanuni ni kanuni, na Kiswahili sanifu ndicho tunachoajiriwa kukifundisha. Lakini hatukumwambia kwamba Kiswahili chake kina wasemaji wake, kina historia yake, na kimevuka mpaka kwa gharama kuliko chetu. Hakusema kitu tena darasani hadi muhula ulipokwisha. Tulipoisikia albamu hii Kalerwe, tulimkumbuka.

Hitimisho

Tunawashauri walimu wenzetu waisikilize Na Zala Zala, ikiwezekana mahali penye watu na kwa spika kubwa. Tunawashauri pia watakaoitumia darasani waanze na maneno mawili tu, hakuna kulala, wawaulize wanafunzi nafsi iko wapi, kisha wawaache wajibu kwa Kiswahili walichokuja nacho. Wino mwekundu unaweza kungoja mpaka kipindi kifuatacho.