Pongezi kwa Matabibu wa Usemi

Wengi hudhani kazi ya tabibu wa usemi ni kumfundisha mtoto kutamka "r". Hiyo ni sehemu ndogo tu. Mtazame wodini akiwa na mzee aliyepigwa na kiharusi: anampa kijiko kimoja cha uji mzito, anaweka vidole shingoni kuhisi koromeo likipanda, kisha anamwomba aseme "aaa". Sauti ikitoka kama ina maji, anasimamisha mlo, maana chakula kinaweza kupita njia ya hewa na kuleta nimonia. Hapo anaokoa maisha, na ni wachache wanaomshukuru.

Huenda mzee huyo ana afasia pia: anamtambua mwanawe vizuri, ila jina halitoki. Tabibu hutumia picha, ishara, hata wimbo, kwa kuwa wapo wanaoweza kuimba maneno wasiyoweza kuyasema. Kwa watoto kuna kigugumizi, kaakaa lililopasuka, usonji, mtindio wa ubongo.

Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha shahada ya fani hii mwaka 2008. Nawapongeza kwa dhati wahitimu wake, na ninaziomba hospitali zetu za wilaya ziwaajiri.