Ufundi wa Kupima Lisiloelekea Kutokea

Kueleza kuwa jambo halielekei kutokea ni ufundi wa vipimo. Kati ya "huenda" na "haiwezekani" zipo daraja nyingi, na msemaji hodari hujua asimame kwenye ipi.

Kiingereza kina vipimo vyake. Mwanafunzi wa sekondari mkoani Singida, anayesoma masomo mengi kwa lugha hiyo, hukutana na nguruwe wanaoruka angani na mwezi wa buluu. Nguruwe hawataruka kamwe, kwa hiyo usemi wao ni kejeli kwa jambo lisilowezekana. Mwezi wa buluu, kwa maana iliyozoeleka, ni mwezi mpevu wa pili katika mwezi mmoja wa kalenda. Huonekana kila baada ya miaka 2 au 3, na usemi wake unataja jambo la nadra, lakini la kutukia. Anayeichanganya misemo hiyo hukosea kipimo.

Kwa Kiswahili, mfano ulio karibu ni mvua. Singida ina msimu mmoja, kati ya Novemba na Aprili. Mkulima wa alizeti wa Iramba akisema "huenda ikanyesha", ana tumaini. Akisema "haielekei kunyesha", ameshatazama mawingu na upepo. Akiulizwa habari za mvua kubwa mwezi Julai, hujibu, "Labda jua litoke magharibi." Sarufi nayo hupima: "ingenyesha, ningepanda" haijafunga hesabu, ilhali "ingalinyesha, ningalipanda" husikitikia msimu uliokwisha, ingawa siku hizi wengi hutumia -nge- kwa yote mawili.

Misemo huongeza msimamo wa msemaji. Ngamia kupenya tundu la sindano, anayefahamika kwa wasomaji wa Kurani na wa Injili, ni wa kusisitiza ugumu wa jambo. Ndoto za Alinacha, zilizotoka katika Alfu Lela U Lela, humcheka anayehesabu utajiri kabla ya kuupata. Hodari kuliko yote ni methali ya pwani: dau la mnyonge haliendi joshi, likienda joshi ni Mungu kupenda. Sehemu ya kwanza inatia shaka, ya pili inabakiza nafasi.

Anayehamisha nguruwe wa Kiingereza neno kwa neno humwacha msikilizaji wa Manyoni akiuliza ni nguruwe wa nani. Fundi hupima shaka kwanza, kisha huchagua usemi wa lugha anayoisema.