Kazi ambayo mtunzi aliitenga

Mwaka 1942, Paris ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, Henri Dutilleux alitunga «Sarabande et Cortège», muziki wa basoni na piano, kwa mitihani ya Conservatoire ya mji ule. Basoni ni bomba la mti lililokunjwa, lenye urefu wa zaidi ya mita 2, nalo hupulizwa kwa matete mawili yaliyofungwa pamoja.

Dutilleux, aliyefariki mwaka 2013, alizitenga kazi zake za ujana. Alipenda ahesabiwe tangu Sonata ya piano ya mwaka 1948. Twamheshimu, lakini hapa hatumfuati. Sarabande, ngoma ya kale ya mapigo matatu, yaenda polepole, na basoni yasema kama mzee asiyeinua sauti mbele ya wafiwa. Pumzi fupi ya mwanafunzi huonekana mara moja. Cortège, yaani maandamano, ndiyo yenye harufu ya mtihani: mwishoni basoni yaachwa peke yake ionyeshe mbio zake, nao wasahihishaji wafurahi. Kwa hiyo sehemu twakubaliana na mtunzi. Lakini kwa nini Sarabande ihukumiwe pamoja nayo? Wapigaji waipige hata peke yake.