Kichwa cha Habari Hapo Juu Chahusika

Barua ya kiofisi ya Kitanzania ina tabia moja ambayo tumeizoea hadi hatuioni. Baada ya anwani mbili na tarehe huja YAH, kisha maneno ya herufi kubwa yaliyopigiwa mstari. Halafu sentensi ya kwanza kabisa, badala ya kumpeleka msomaji mbele, inamrudisha nyuma: kichwa cha habari hapo juu chahusika. Barua imeshasema inachotaka kabla haijaanza kuongea.

Nimesoma na kuandika barua hizo tangu shule ya msingi, kwa sababu kwetu Kirando, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, mtoto anayeandika vizuri hugeuka katibu wa ukoo bila kuchaguliwa. Sasa nasoma shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili, na ninachokifuatilia ni mpangilio wa mawazo katika matini: lipi linatangulia, lipi linafuata, lipi linazuiliwa hadi mwisho. Vitabu vya kufundishia uandishi huorodhesha njia za kupanga mawazo kama vifaa kwenye sanduku la fundi. Kuna mfuatano wa wakati, sababu na matokeo, tatizo na suluhisho, kulinganisha na kutofautisha, kutoka jumla kwenda mahususi au kinyume chake. Mwanafunzi anaambiwa achague kinachoendana na mada yake.

Ninapingana na neno hilo, "mada". Mada haichagui mpangilio peke yake. Anayesoma ni nani, ana mamlaka gani juu ya anayeandika, na nani atabebeshwa lawama aya zikiisha: hayo ndiyo yanayochagua. Tukifundisha mpangilio kama suala la mada tu, tunaficha nusu ya kazi yake.

Tuanze na insha ya shule. Utangulizi, kiini, hitimisho. Sina ugomvi na umbo hilo lenyewe. Msahihishaji ana rundo la karatasi mbele yake na hawezi kumuuliza mtahiniwa alimaanisha nini, kwa hiyo mtahiniwa anamrahisishia kazi. Ni adabu kwa msomaji aliyechoka. Tatizo liko kwenye kiini, ambacho kwa wengi wetu kimekuwa kapu: kwanza, pili, tatu, nne, mwisho lakini si kwa umuhimu. Kuna jaribio rahisi. Chukua insha ya aina hiyo, hamisha hoja ya nne iwe ya pili. Kama hakuna kilichoanguka, basi hoja hizo hazikuwa zimeegemeana. Zilipangwa foleni tu.

Sasa fanya jaribio hilo kwenye *Kusadikika* ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria. Mbele ya mfalme hasemi "sina hatia kwa sababu hizi tano". Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, kisha mbinguni na ardhini. Kila mmoja anasafiri, anateseka, anarudi na mambo ya kuifaa nchi yake, na kila mmoja anaishia kifungoni. Mhakiki mwenye haraka atasema hiyo ni orodha ile ile ya kwanza, pili, tatu. Kwa upande mmoja yuko sahihi. Ukifika kwa mjumbe wa tatu umeshajua mwisho wa wa nne, na wajumbe wenyewe hawana nyuso. Huwezi kumtofautisha mmoja na mwenzake kwa tabia wala kwa namna ya kuongea. Kama riwaya, sehemu hiyo inachosha, na sioni sababu ya kulificha hilo kwa heshima ya mwandishi.

Lakini isome kama utetezi mahakamani. Mjumbe mmoja akifungwa, serikali inaweza kusema ilikuwa bahati mbaya. Wakifungwa wawili, labda walikuwa wakorofi. Wakifungwa sita waliotoka kila upande unaoweza kutajwa, pamoja na juu na chini, hakuna mahali pengine pa kutafutia kisingizio. Ndiyo maana mbingu na ardhi zinakuja baada ya pande nne za dunia. Ukizitanguliza, umeharibu ushahidi. Hapa orodha inaegemeana, na uzito wake umo katika kurudiarudia.

Kuna jambo la pili. Karama anaongea na watu wenye uwezo wa kumuua. Angeanza na hoja kuu, kwamba nchi hii huwafunga wanaoitakia mema, kesi ingekwisha siku ya kwanza. Hadithi inampatia siku nyingine, na nyingine tena. Shaaban Robert naye alikuwa akiandika chini ya utawala wa kikoloni. Kuchelewesha hoja, kwa mshtakiwa na kwa mwandishi wake, kulikuwa njia ya kuendelea kusikilizwa.

Nasisitiza hilo kwa sababu kuna maelezo mengine yanayopendwa zaidi. Mwaka 1966 Mmarekani Robert Kaplan alichapisha makala kuhusu insha za wanafunzi wa kigeni waliokuwa wakijifunza kuandika Kiingereza, akaweka michoro mitano ya namna aya zinavyokwenda. Kiingereza alikichora mstari ulionyooka. Lugha za Mashariki ya Mbali alizichora mzunguko unaoingia ndani taratibu. Lugha za Kisemiti, za Kirumi na Kirusi nazo zikapata mikunjo yao. Lugha za Kibantu hazikupata hata mchoro. Kaplan mwenyewe baadaye aliyapunguza makali ya madai yake, lakini picha ilishatoka. Nimekutana nayo katika semina, na safari hii imebebwa na sisi wenyewe kwa fahari: Mwafrika hufikiri kwa mzunguko, mstari ulionyooka ni wa Mzungu.

Nenda mwaloni Kirando alfajiri uone kama kuna mzunguko. Boti zinarudi na dagaa, na kitu cha kwanza kinachosemwa ni bei. Upepo ukibadilika, anayeuona haanzi na utangulizi. Watu hao hao, jioni ya siku hiyo hiyo, wakienda kuposa watazunguka saa nzima. Watasalimia, watauliza habari za mashamba, watasema wamepotea njia, watasema wameona ua zuri ndani ya boma, na neno la ndoa litachelewa kadiri linavyoweza kuchelewa. Vichwa ni vile vile na lugha ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mwaloni hakuna wa kukukatalia upepo, na kwenye posa kuna mtu anayeweza kusema hapana, na hapana hiyo itaumiza nyumba mbili. Mzunguko ni nafasi wanayopeana watu ili mmoja aweze kurudi nyuma bila aibu. Ukiuita "fikra ya Kiafrika" umeutukana, kwa sababu umeufanya kuwa maumbile wakati ni ustadi.

Jambo hili lilinigusa kwa karibu mwaka 2024. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti serikali ilisimamisha uvuvi upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaliana. Nilikuwa nyumbani. Kikundi cha akina mama wanaokausha na kuuza dagaa kilikuwa na mkopo, na marejesho hayakusimamishwa pamoja na uvuvi. Wakaniomba niwaandikie barua kwa mkopeshaji. Mkubwa wao, ambaye sisi sote tunamwita Bibi ingawa si bibi yetu, ndiye aliyetoa maelezo. Alianza mwaka waliounda kikundi. Akaeleza mkopo wa kwanza, wa pili, na kwamba yote ililipwa. Akaeleza huu wa tatu ulichukuliwa mwezi gani, ziwa likiwa wazi. Akaeleza usiku wa mbalamwezi ambao taa hazikusanyi dagaa, jinsi wanavyouhesabu mapema na kujiwekea akiba. Kisha tangazo la kufungwa kwa ziwa. Ombi la kuongezewa miezi mitatu lilikuja mwisho kabisa, karibu kwa sauti ya chini.

Nikaandika kama barua inavyotaka: YAH: MAOMBI YA KUONGEZEWA MUDA WA MAREJESHO. Nilipomsomea, akanisikiliza hadi mwisho, akasema: "Mjukuu wangu, umewaambia tunachotaka kabla hawajajua sisi ni akina nani."

Katika miaka yangu yote ya kusoma uhakiki, sijapata maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo kuhusu kinachofanywa na mpangilio. Mkopeshaji akianza na YAH anakutana na wadaiwa. Akianza na mwaka wa kuundwa kwa kikundi anakutana na watu waliolipa mara mbili. Taarifa zote zimo katika barua zote mbili. Tulikubaliana YAH ibaki, kwa kuwa barua isiyo nayo hurudishwa, lakini aya ya kwanza ikataja kikundi na mikopo iliyomalizwa, na ombi likasubiri aya ya mwisho. Waliomba miezi mitatu wakapewa mmoja. Sidai kwamba aya ndizo zilizoleta huo mmoja.

Angalia pia mfuatano wa wakati ulivyokuwa ukifanya kazi kinywani mwa Bibi. Vitabu vinauweka chini kabisa, njia ya wanaoanza: hiki kikatokea, kisha hiki. Na ni kweli upo mfuatano wa namna hiyo. Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe waliochukua kituo cha Karema mwaka 1885, kaskazini yetu kwenye ziwa hili hili, walikuwa na agizo la Kardinali Lavigerie la kuandika shajara ya kila siku katika kila kituo. Shajara hupanga kwa tarehe, na tarehe haisemi kwa nini. Mwanahistoria anayeitumia ndiye anayelazimika kutafuta sababu, na kukumbuka kwamba aliyekaa mbali na kituo hana tarehe yake humo. Wakati wa Bibi ni mwingine. Aliposema "tulipokopa, ziwa lilikuwa wazi", hakuwa akitoa tarehe. Alikuwa akijenga hoja kwamba masharti ya mkopo yalibadilishwa na mtu wa tatu. Ni sababu na matokeo iliyovaa nguo za hadithi.

Na sababu na matokeo wenyewe? Huo ndio mpangilio tunaouamini kuliko yote, kwa hiyo ndio unaohitaji kuchunguzwa zaidi. Maelezo ya kufunga ziwa yalisimama juu ya umbo la tatizo na suluhisho: samaki wamepungua, wamepungua kwa sababu ya uvuvi uliozidi na zana haramu, basi tupumzishe ziwa. Umbo hilo ni safi na sehemu yake kubwa haina ubishi; kila mtu mwaloni ameona nyavu zenye matundu madogo mno. Lakini tatizo na suluhisho lina udhaifu mmoja wa kuzaliwa nao: huvutia ile sababu ambayo suluhisho linaweza kuifikia. Mwaka 2003 jarida la *Nature* lilichapisha utafiti unaoonyesha kwamba kupata joto kwa ziwa kumepunguza kuchanganyika kwa maji, hivyo virutubisho vya kilindini havipandi juu kama zamani, na chakula cha samaki kinapungua. Mwaka 2016 utafiti mwingine, uliosoma tope la chini ya ziwa, ulionyesha kuwa kupungua kwa samaki kulianza kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujashika kasi. Sababu hiyo haina mwalo wa kufungwa wala boti ya kukamatwa. Katika aya ya tatizo na suluhisho haina pa kukaa, kwa hiyo inatoka, na mvuvi anabaki peke yake kwenye nafasi ya kiima.

Sisemi kufunga ziwa kulikuwa kosa. Inawezekana kabisa likapumzishwa na likafaidika hata kama joto nalo lina sehemu yake. Ninachosema ni cha mhakiki: aya iliyonyooka sana inaweza kuwa imenyooka kwa sababu kuna mtu ametolewa ndani yake, na mwingine amewekwa mahali pa wote.

Kwa hiyo napendekeza zoezi moja kwa walimu wa Kiswahili, na kwetu tunaoandika kwenye majarida kama hili. Mpe mwanafunzi jambo moja, mfano deni, au mpaka wa shamba. Aliandike mara mbili, kwanza kwa mjomba wake, kisha kwa mtendaji wa kijiji, bila kuongeza wala kupunguza taarifa yoyote. Halafu msimpe alama kwa kuangalia kama ana utangulizi, kiini na hitimisho. Muulize ni sentensi gani zilihama, nani amekuwa chanzo cha tatizo katika barua ya kwanza na nani katika ya pili, na ombi lake limekaa wapi. Akiweza kujibu hayo, orodha ya njia za kupanga mawazo anaweza kuisoma mwenyewe kitabuni kwa dakika kumi.