Kiyoyozi na Jamaa Zake: Istilahi Zinapofika Mazwi

Miongoni mwa majina yanayoshindania chombo kirekebishacho hewa ya chumba, mawili yana watetezi wengi katika maandishi: kiyoyozi na kipozahewa. Wako walimu na wafasiri wanaolipendelea la pili kwa hoja ya kuwa linajieleza. Mwanafunzi akilisikia mara moja, hana haja ya kufungua kamusi. Kiyoyozi, wasema, ni neno la kukaririwa tu. Umbo lake ni la kitendaji, lakini kitenzi chake hakimo vinywani mwa watu.

Hoja hiyo yafaa ipimwe mbali na Dar es Salaam. Mazwi ni kata ya mji wa Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai watu hujifunika mablanketi mazito, na wako wanaoingiza jiko la mkaa ndani, jambo la hatari kubwa katika chumba kilichofungwa. Mwenye nyumba wa hapo akitaka kuondoa kiyoyozi chakavu na kuweka kipya, swali lake la kwanza si la kupoza. Viyoyozi vingi vya siku hizi huweza kugeuza mzunguko wake: wakati wa joto huondoa joto la ndani na kulitupa nje, wakati wa kipupwe huvuta joto la nje na kulileta ndani. Lakini si vyote. Akisoma kipozahewa katika orodha ya bei, atalielewa neno mara moja, na kwa sababu hiyo hiyo hatauliza kama chombo chaweza kupasha joto. Mfasiri naye, akilazimika kutofautisha aina hizo mbili, ataandika kipozahewa chenye kupasha joto, na hapo lugha yetu itakuwa imefanywa kichekesho.

Ukiteremka bondeni kwenye Ziwa Rukwa, upande wa Muze na Mtowisa, karibu mita 1,000 chini ya uwanda, chombo kile kile chahitajiwa kwa kupoza. Neno moja halina budi kutumika huku na huku. Kiyoyozi hakitaji baridi wala joto. Kutojieleza kwake, ambako ndiko kulikolaumiwa, ndiko kunakoliokoa. Naliunga mkono bila kusita.

Upungufu mkubwa zaidi uko kwa jamaa zake. Katika hati za kuomba bei huonekana maneno kama “kiyoyozi cha tani moja” au “cha nguvu ya kilowati 3.5”. Tani hiyo si uzito wa chombo. Ni kipimo kilichobaki tangu enzi za biashara ya barafu: kasi ya kuondoa joto inayotosha kuyeyusha tani moja ya Kimarekani ya barafu kwa saa 24, sawa na BTU 12,000 kwa saa. Nazo kilowati 3.5 ni joto linalohamishwa, wala si umeme unaoliwa. Umeme huwa kama kilowati moja tu. Anayeziita zote mbili “nguvu” humfanya afisa ugavi akikatae chombo kizuri kwa kuogopa ankara ya umeme. Napendekeza tuandike uwezo wa kupoza, uwezo wa kupasha, na umeme unaotumika, kila kimoja na tarakimu yake. Pale Ufipa jambo hili lina uzito zaidi, maana katika kimo hicho mita moja ya ujazo wa hewa ina uzito pungufu kwa kama sehemu moja ya sita kuliko ya pwani, na uwezo ulioandikwa kiwandani haufikiwi wote.

Kufunga ni kitenzi cha mafundi wenyewe nacho kina heshima yake, ila katika maelekezo yaliyochapwa huleta utata: funga dirisha, funga kiyoyozi. Kusimika kwatosha.

Nitakawia kidogo kwenye gesi. “Kujaza gesi” kumezoeleka mno, na watu wengi huamini kuwa gesi hiyo huisha kwa kutumika, kama ile ya jikoni. Haitumiki ikaisha. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, na ikipungua ni kwa sababu pana mahali panapovuja. Mwenye chombo alipie kwanza kuzibwa kwa tundu. Tena gesi ni nyingi. R-22 ya viyoyozi vya zamani inaondolewa kwa Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kuwa humong’onyoa tabaka la ozoni. R-410A hufanya kazi kwa mgandamizo mkubwa zaidi. R-32 yaweza kushika moto. Haziingiliani, na hata mafuta yaliyobaki katika mabomba ya zamani yaweza kuharibu chombo kipya. Neno moja la gesi likiyafunika yote haya, fundi hana pa kuonyeshwa tofauti. Kwa mfano wa kichocheo, yafaa tuwe na kipozeo: kitu cha kupozea. Tungeandika aina ya kipozeo, kipimo cha kipozeo, uvujaji wa kipozeo. Na ile hali ya bomba kutokuwa na hewa yoyote kabla ya kukiachia tayari ina neno katika vitabu vya fizikia, yaani ombwe.

Limebaki neno dogo la kila siku. Mtu anayeona baridi husema “punguza kiyoyozi”. Anayemtii kwa kubonyeza kitufe cha kupunguza kwenye rimoti hushusha tarakimu kutoka 24 hadi 20 na kumzidishia baridi. Maelekezo yaandike kupandisha halijoto na kushusha halijoto, na kupunguza kubakie kwa kasi ya feni.